Darubini za porini huharibikia Dar

Kazi yangu ni stoo. Kampuni ninayofanyia kazi inapeleka wageni kuwinda kusini, kwenye vitalu vya Pori la Akiba Selous, lakini mimi muda mwingi niko Dar, kwenye bohari moja jirani na Barabara ya Nyerere, nahesabu mahema, majiko, betri za redio na darubini. Msimu unafunguliwa Julai mosi, na mizigo inatangulia na Land Cruiser siku kadhaa kabla. Ukifungwa, kila kitu kinanirudia kikiwa na vumbi jekundu, pamoja na orodha ya vilivyopotea. Kwa hiyo usiniulize nyati alidondoka wapi. Ila ukiniuliza darubini ipi itakuwa bado inafanya kazi baada ya miaka kumi na ipi itakuwa mapambo ya rafu, hapo nina la kusema.

La kwanza huwa linawashangaza wageni kazini: zilizoshinda porini miezi yote hurudi na mikwaruzo, kamba imekatika na kufungwa fundo, mfuniko mmoja haupo, lakini ukiiweka jichoni inaona. Zinazoharibika ni zile zilizobaki hapa mjini kabatini, ndani ya mifuko yake mizuri ya ngozi, zikisubiri mwenyewe arudi. Machi mpaka Mei mvua za masika, halafu Novemba vuli, na hata mvua isiponyesha hewa ya bahari iko pale pale. Nguo kabatini zinanuka uvundo, viatu vinaota ukungu. Lenzi nayo inaota.

Ukitaka kuona ninachosema, chukua darubini iliyokaa muda mrefu, igeuze, washa tochi ya simu upande wa jicho kisha uchungulie kupitia lenzi kubwa. Iliyoathirika utaona nyuzi nyeupe nyembamba zikitambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kama utando wa buibui. Hao ni fangasi. Wanaishi kwenye unyevu na uchafu kidogo tu: alama ya kidole, mafuta, vumbi. Wakiachwa, wanatoa asidi inayokula ule mng'ao wa rangi uliopakwa juu ya kioo, baadaye na kioo chenyewe. Fangasi wachanga wanafutika. Waliokomaa, hata ukiwafuta, michoro yao inabaki, na hiyo ndiyo inayoleta weupe ukitazama kuelekea jua. Mfuko wa ngozi ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani, maana ngozi inashika unyevu na kuutunza.

Kutokana na hayo, swali langu la kwanza kwa darubini yoyote siku hizi ni moja: imefungwa, au inafunguka?

Zilizofungwa ni zile ambazo kila kiungio kina mpira wa kuziba, hewa ya ndani imetolewa na kujazwa naitrojeni kavu au agoni. Mtu anadhani hiyo ni kwa ajili ya mvua tu. Mvua ni sehemu ndogo. Faida kubwa kwa mtu wa Pwani ni kwamba ndani hamna unyevu wa kumlisha fangasi, wala kioo hakipati ukungu kwa ndani ukishuka kutoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia kwenye joto la Rufiji. Nje kitapata ukungu, hilo halikwepeki, unasubiri kidogo unapotea. Ukipata ndani, jua kiungio kimeshalegea. Kama karatasi yake inasema IPX7, maana yake imepimwa kukaa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Neno la jumla kwamba inahimili matone ya maji, bila kipimo, mimi silihesabu.

Zinazofunguka ni za zamani. Stoo tunayo moja ya Zeiss Jena, 8x30 (namba hizi nitazieleza mbele), iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki kabla Ujerumani mbili hazijaungana mwaka 1990. Aliiacha ofisa mmoja wa wanyamapori alipostaafu. Haina naitrojeni wala mpira wa kuziba, mvua ikinyesha unaificha ndani ya koti. Lakini ina skrubu. Tuna fundi wa kamera Kariakoo, mtu wa makamo mwenye meza ndogo na taa yenye lenzi, anaifungua, anasafisha prizimu, vile vioo vya ndani vinavyogeuza picha, anapaka grisi mpya, anazipanga upya mpaka macho mawili yaone picha moja. Siku moja nilimpelekea ile ya zamani pamoja na nyingine mpya ya kisasa iliyokuwa imeingia ukungu. Ile ya zamani aliipokea. Ile mpya aliigeuza mara moja akanirudishia.

"Hii siigusi, kaka."

"Kwa nini, fundi? Si ukungu tu?"

"Nikiifungua, gesi imeondoka. Nitakusafishia, utaona vizuri, utanilipa. Mvua ya kwanza unanirudia unanilaumu. Hii irudi kwa walioijazia gesi."

Nilimheshimu kwa hilo, maana wapo wengi ambao wangechukua pesa. Na maneno yake ndiyo yanayoniongoza ninaponunua. Darubini idumuyo ama imefungwa sawasawa na kiwanda chake kipo tayari kuifungua na kuifunga tena, ama ni ya kizamani ambayo fundi wa hapa anaiweza. Hasara ipo katikati: zile zilizogundishwa kwa gundi, hazizuii unyevu, hazina skrubu, na aliyeitengeneza hajulikani. Hizo ndizo zinazojaa madukani na mikononi mwa machinga.

Utazitambua kwa namba. Imeandikwa 20-180x100 ubavuni wakati lenzi ya mbele haizidi mdomo wa kikombe cha kahawa. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi ya milimita 100 haitoshei kwenye kiganja, kwa hiyo uongo unauona kwa macho kabla hujaijaribu. Na hata kama ukuzaji wa 180 ungekuwa wa kweli, mkono wa binadamu hauwezi kuutuliza. Vilevile lenzi zenye rangi nyekundu inayong'aa, ambazo watu wanazipenda: rangi ile inarudisha mwanga mwekundu nje badala ya kuuingiza ndani. Unachoona kinakuwa cha kijani na giza.

Kwa vitalu vyetu nanunua 8x42, na 10x42 kwa wanaokwenda maeneo ya wazi. Nina sababu. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza utapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni: 42 kwa 8 ni zaidi kidogo ya milimita 5, 42 kwa 10 ni 4.2. Mchana wa jua kali mboni ya jicho imebana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo huoni tofauti. Tofauti iko alfajiri na magharibi, mboni inapopanuka, na hizo ndizo saa ambazo tandala na palahala wanatoka vichakani. Kuwinda usiku hakuruhusiwi kisheria, hivyo dakika zile chache za mwisho za mwanga ndizo mtu analipia. Darubini ndogo ya 8x25 inayoingia mfukoni inatoa milimita 3 tu. Ni nzuri kwa kuangalia mpira Uwanja wa Mkapa.

Halafu kuna miombo. Miti imesongamana, humwoni mnyama mzima, unaona sikio, mkia, kipande cha tumbo. Upana wa eneo unaloliona unakuwa muhimu kuliko ukaribu. 8x42 nyingi zinaonyesha mita 130 hivi kwa umbali wa mita 1,000, na 10x42 zinaonyesha mita 110 na ushee. Ile Zeiss ya zamani inaonyesha mita 150, na ndiyo maana mzee wetu mmoja wa Liwale, anayefuata nyayo tangu ujana wake, haachi kuigombania. Nilijaribu kumpa 10x mpya kabisa.

"Shikamoo mzee. Msimu huu nimekuwekea hii, inavuta karibu zaidi."

Akaiweka jichoni, akaangalia geti la bohari, akanirudishia. "Marahaba mwanangu. Hii inatetemeka. Mgeni akishanichosha kwa mwendo, mkono wangu nao unatetemeka, tutakuwa wawili. Nipe ile ya Mjerumani."

Akiondoka nayo naandika kwenye daftari kwamba mvua ikianza airudishe mapema. Hajawahi.

Kuhusu kujaribu kabla ya kulipa: usijaribie ndani ya duka. Ukiangalia ukuta wa ng'ambo hapo, kila darubini ni nzuri. Mimi namwomba muuzaji tutoke, au naacha kitambulisho, na kama ni ya bei kubwa tunakubaliana kabisa niijaribu jioni. Naelekea ufukweni Coco. Baharini huwa kuna meli zimetia nanga zikisubiri zamu ya bandari, na jina la meli lililoandikwa ubavuni ni kipimo kizuri, kwani herufi haziongopi. Naangalia herufi zilizo katikati ya picha, kisha naisogeza darubini ili herufi zilezile zije ukingoni. Kila darubini inafifia kidogo ukingoni. Inayofifia kuanzia nusu ya picha naiacha. Natafuta mnazi uliosimama mbele ya anga jeupe, naangalia makuti yake: yakiwa na ukingo wa zambarau, kioo si cha daraja la juu. Hilo mwindaji anaweza kulivumilia. Asilolivumilia ni darubini iliyopinda. Tazama mlingoti au nguzo ya taa kwa macho yote mawili kwa dakika nne, tano. Ukiona ubongo unahangaika kuunganisha picha, kichwa kinauma upande mmoja, mirija haiko sambamba, na porini baada ya siku nzima ya kutikiswa na gari itazidi. Mwisho naishika mbali na uso, naielekeza kwenye mwanga, naangalia viduara viwili vya nuru kwenye lenzi za jicho. Viwe duara kamili. Vikiwa na kona zilizokatwa, prizimu zimetengenezwa kwa kioo cha bei rahisi.

Hapo nabaki mpaka adhana ya magharibi, kwa sababu mwanga unapopungua ndipo zinapotengana. Zamani nilikuwa nakwenda Kivukoni kuangalia upande wa pili, ila kumtazama mtu wa ng'ambo ya mlango wa bandari kwa darubini kubwa kunaleta maswali kutoka kwa watu wa ulinzi, na majibu yangu kuhusu palahala hayakuwa yakiwaridhisha. Coco wananiuliza watoto tu, nao wanataka kuangalia.

Anayevaa miwani aulizie umbali ambao jicho linaweza kukaa kutoka kwenye lenzi na bado lione picha nzima. Milimita 15 ndiyo ya chini, 17 au 18 ni raha. Wengi wetu tunaanza kuvaa miwani tukishanunua, basi ni vyema kulifikiria mapema.

Sasa ile ya jicho moja inayowekwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Tunaiita skopu ya stendi, tusichanganye na ya bunduki. Wateja wa ndani, wakazi wanaowinda kwa leseni zao, mara nyingi wananiuliza hii kabla ya darubini. Nawajibu wanunue darubini kwanza, na wakishaizoea msimu mzima watajua wenyewe kama wanaihitaji. Ndani ya miombo mizito skopu inabaki kwenye gari. Inapata kazi kwenye mbuga zilizo wazi, kingo za mabwawa, na vilimani ambako unakaa unachambua bonde.

Kazi yake si kumtafuta mnyama. Kumtafuta ni kwa darubini. Skopu ni ya kuamua. Kanuni za Tanzania zinataka simba anayewindwa awe dume aliyefikisha miaka 6, na umri hausomeki kwenye manyoya ya shingo peke yake. Utafiti wa simba wa Serengeti na Ngorongoro uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba pua yake, inayoanza ya waridi, inaingiwa na madoa meusi kadiri anavyokua. Akifika kama miaka 5, nusu yake imeshakuwa nyeusi. Jaribu kuhesabu madoa ya pua ya simba aliyelala kivulini mita 200 mbele kwa darubini ya mkononi. Nyati naye, unataka kujua kama kitako cha pembe kimeshakuwa kigumu katikati ya paji au bado kuna ngozi laini yenye nywele, maana huyo bado kijana. Kundi linakutazama, muda ni mfupi, na kosa hapo halirekebishiki; mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni, anaweza kupoteza leseni yake.

Skopu nyingi zimeandikwa 20-60x80 au 15-45x65. Watu wanalipia ile 60. Ukweli wa joto la nchi yetu ni kwamba kuanzia saa nne asubuhi ardhi inaanza kupumua, mazigazi yanacheza, na ukipandisha zaidi ya 30 unachokuza ni hewa inayotetemeka. Hata asubuhi yenye baridi, kwa 60 duara la mwanga ni milimita 1.3, picha inakuwa na giza. Ndiyo maana kwa wanaotembea kwa miguu nanunua ya 65: inapungua uzito, na hakuna aliyewahi kurudi akalalamika kukosa ukuzaji. Ya 80 inakaa kwenye gari. Lenzi ya jicho iliyoinama kwa pembe inafaa kuliko iliyonyooka, kwa sababu stendi inakaa chini zaidi, upepo hauipati, na watu wa vimo tofauti wanatazama bila kuirekebisha kila mara. Kwenye gari ni kinyume, iliyonyooka ndiyo nyepesi kuelekeza dirishani.

Na stendi! Hapa ndipo pesa inapotupwa. Mtu amenunua kioo cha Austria, ameiweka juu ya stendi ya kamera ya plastiki ya kupigia picha harusi. Upepo wa kusi ukivuma picha inaruka, anasema skopu mbovu. Tenga pesa ya stendi tangu mwanzo, chuma au kaboni, yenye kichwa kizito kinachokwenda taratibu. Miguu yake ndiyo inayoharibika kwanza kwenye seti nzima: mchanga unaingia kwenye viungo vya kukaza. Wakirudi naifungua yote, naisuuza kwa maji baridi, naianika kivulini.

Vitu viwili vinaua mpira wa nje wa darubini kuliko miba. Cha kwanza ni dawa ya kujipaka ya mbu na mbung'o, ile yenye DEET. Inayeyusha plastiki na mpira. Unaona vidole vimejichora, halafu mpira unanata na kushika kila uchafu. Nimewaambia vijana wajipake kwa nyuma ya kiganja, wafute vidole kwanza. Cha pili ni jasho la chumvi kwenye vikombe vya macho, linalofutika kwa kitambaa chenye maji tu. Lenzi yenyewe vumbi lipulizwe au lipanguswe kwa brashi laini kabla ya kitambaa kuigusa. Vumbi la Selous lina mchanga ndani yake. Ukifuta kwa pindo la shati unasugua kioo kwa msasa.

Hapa bohari tumeacha kabati la mbao. Darubini zote zinakaa kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko wa mpira, za kuhifadhia vyakula, pamoja na kipima unyevu kidogo na mfuko wa chembe za silika, zile zinazobadilika rangi zikijaa maji. Zikibadilika tunazikausha kwenye oveni kwa moto mdogo na kuzirudisha. Tunalenga unyevu wa kati ya asilimia 40 na 50. Chini sana nako si kuzuri, grisi na mipira inakauka. Mifuko ya ngozi iko kwenye boksi jingine, inasubiri mtu wa kuitaka.

Bei sitaitaja kwa sababu inabadilika na dola, ila darubini ya Swarovski au Zeiss ya daraja la juu inazidi bei ya bodaboda mpya, na bosi anaponiuliza kwa nini, namwonyesha kitabu cha dhamana. Kampuni ya Vortex wao wanatoa dhamana ya maisha yote hata kwa mtu aliyeinunua mkononi mwa mwingine, bila risiti. Haihusu kupotea, kuibwa wala kuharibu kwa makusudi. Hilo kwa soko letu la mitumba ni jambo kubwa. Shida ni njia: lazima kifurushi kivuke bahari, kikae huko wiki kadhaa, kirudi kipite forodhani, na ukikosea kujaza kwamba ni kifaa chako kinachotoka matengenezo utatozwa kana kwamba ni kipya. Mimi huwa nasubiri mgeni anayerudi kwao Desemba aibebe kwenye begi lake, pamoja na karatasi yenye namba ya darubini na picha yake, na mgeni wa Julai anairudisha.

Kwa hiyo mwaka huu seti mpya ya kambi, kama bosi atasaini, ni 8x42 mbili zilizofungwa kwa naitrojeni, 10x42 moja, skopu moja ya 65 yenye lenzi ya jicho iliyoinama, na stendi ya kaboni. Zeiss Jena nayo imo kwenye orodha, ingawa kwenye kompyuta ya uhasibu ilishafutwa zamani.